Waliojitungia Sheria

Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilitoa ripoti kuhusu utumishi wa umma. Ndani yake mlikuwa na ruhusa ambayo nchi ingali inailipia hadi leo: mtumishi wa serikali angeweza kuendesha biashara zake binafsi huku ameshika ofisi ya umma. Ripoti iliwahusu watumishi wa serikali, si wabunge, lakini iliandika kwenye karatasi mawazo ambayo tayari yalikuwa yametawala siasa za Nairobi. Miaka sita kabla yake, Mzee Jomo Kenyatta alisimama Kandara akamuuliza Bildad Kaggia, mbele ya halaiki, amejifanyia nini yeye mwenyewe tangu uhuru. Akamtajia wenzao waliofungwa pamoja, akiwemo Paul Ngei, aliyekuwa ameshapanda kahawa yake. Kaggia alikuwa mbunge anayewatetea wasio na ardhi. Kosa lake lilikuwa kutotajirika.

Jina la Ngei lina mahali pake katika historia hii. Mwaka 1966 alisimamishwa uwaziri wakati tume ilipokuwa ikichunguza biashara ya mahindi katika msimu wa uhaba, na baadaye akarejeshwa barazani. Kisha ukaja uchaguzi wa 1974. Mahakama iliamua kwamba Ngei alikuwa amemtisha mpinzani wake, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kukaa nje ya siasa kwa miaka mitano. Wakati huo sheria haikumpa Rais uwezo wa kusamehe kosa la uchaguzi. Desemba 1975 serikali ikapeleka bungeni mswada wa kubadili Katiba ili uwezo huo upatikane. Mswada ulisomwa, ukajadiliwa na ukapita ndani ya siku moja. Ngei alisamehewa, akarudi bungeni, akarudi uwazirini. Katiba ya taifa zima ilikuwa imefanyiwa marekebisho kwa ajili ya mtu mmoja, na waliopiga kura walijua ni nani.

Kwa nini hawakukataa? Jibu liko katika miezi tisa iliyotangulia. Tarehe 2 Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton katikati ya Nairobi pamoja na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU. Mwili wake ulipatikana kwenye vilima vya Ngong. J.M., kama kila mtu alivyomwita, alikuwa tajiri mwenyewe, lakini alisema hadharani kwamba Kenya ilikuwa inageuka nchi ya mamilionea wachache na mamilioni ya maskini. Miaka kumi kabla yake Pio Gama Pinto, mbunge na mpangaji mikakati wa mrengo wa kushoto, alikuwa amepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, mwanawe mdogo akiwa ndani ya gari.

Baada ya kifo cha J.M., Bunge lilifanya jambo ambalo halijawahi kulifanya tena kwa ujasiri ule. Liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, kamati ikahoji mashahidi, ikaandika ripoti iliyowanyooshea kidole wakubwa wa usalama. Kabla ripoti haijawasilishwa, majina ya watu wawili wa karibu na Ikulu yaliondolewa kwa amri kutoka juu. Hata hivyo ilipopigiwa kura mwezi Juni, wabunge 62 waliiunga mkono na 59 wakaipinga. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu walipiga kura kinyume cha serikali, wakafutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku alisema ukumbini kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akajibu kutoka kitini kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili ndani ya viwanja vya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Miezi miwili baada ya hapo ndipo mswada wa Ngei ulipopita kwa siku moja. Naamini kwamba maadili ya Bunge la Kenya yalivunjwa mwaka ule wa 1975, na kwamba kila sheria iliyotungwa baadaye imekuwa jaribio la kukarabati kilichovunjika bila kuwagusa waliokivunja. Mbunge aliyeuliza maswali alipoteza kazi, uhuru au uhai. Aliyenyamaza alipewa kiti. Somo hilo lilifahamika vizuri sana katika barabara ya Harambee.

Miaka ya Rais Moi nitaipita haraka, kwa kuwa Bunge la wakati huo halikuwa na mengi ya kuuza. Uamuzi ulikuwa Ikulu, na mwenye shida alipeleka bahasha huko. Ila mambo mawili ya muongo wa 1990 yanahitaji kutajwa. La kwanza ni kashfa ya Goldenberg. Kampuni ya Kamlesh Pattni ilipewa asilimia 35 kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, wakati sheria iliyopitishwa na Bunge iliruhusu 20 tu. Aliyefichua ni David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, ambaye nyaraka zake ziliwafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o. Wabunge hao walifanya kazi yao. Munyakei alifutwa kazi, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

La pili halina umaarufu wa Goldenberg, lakini ndilo linalotufundisha zaidi jinsi ushawishi wa kampuni unavyofanya kazi. Mwaka 1994 Kenya ilitoa kanuni kuhusu kilimo na uuzaji wa tumbaku, zilizomfunga mkulima auze majani yake kwa kampuni iliyoandikiana naye mkataba tu. Kampuni ya British American Tobacco, iliyokuwa imetawala soko, ilikuwa ikisumbuliwa na mshindani mpya, Mastermind, aliyekuwa akinunua kwa wakulima wale wale. Nyaraka za ndani za BAT zilipofunguliwa kwa umma nchini Uingereza kutokana na kesi za tumbaku, watafiti walizisoma na mwaka 2007 wakachapisha walichokikuta: kanuni hizo zilikuwa zimeandikwa na kampuni yenyewe, na serikali ikazitoa kwa jina lake. Haikuhitajika bahasha yoyote gizani, wala hakukuwa na sheria iliyovunjwa. Kenya haikuwa na sheria, na hadi leo haina, inayomlazimu anayeshawishi watunga sheria ajiandikishe, aseme anamwakilisha nani, amekutana na nani na ametumia kiasi gani.

Marekani ina sheria ya namna hiyo tangu 1995. Uingereza ilitikiswa mwaka 1994 ilipofichuka kwamba wabunge walilipwa ili waulize maswali bungeni; ikaunda Kamati ya Nolan, ikamweka mchunguzi wa kudumu wa mienendo ya wabunge, na mwaka 2014 ikatunga sheria ya kuwasajili washawishi. Sheria hizo zina mianya mingi na waandishi wa nchi hizo huilalamikia kila mwaka. Lakini mwandishi wa London au Washington akitaka kujua nani analipwa kushawishi, ana rejista ya kufungua. Wa Nairobi ana uvumi tu.

Mswada wa kudhibiti tumbaku ulionyesha matokeo ya kukosa rejista hiyo. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, lakini sheria yenyewe ilichukua miaka mitatu zaidi kupita. Katika kipindi hicho magazeti yaliripoti wabunge wakipelekwa kwenye hoteli ya ufuoni pwani kwa gharama ya kampuni za tumbaku, ili waelezwe kasoro za mswada. Sheria ilipita Agosti 2007. Kanuni zake za 2014 zikapingwa na BAT Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, ambayo iliitupa rufaa Novemba 2019. Tangu kuridhiwa kwa mkataba hadi hukumu ya mwisho ilikuwa miaka kumi na mitano. Mvutaji aliyeanza akiwa kijana mkataba uliporidhiwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto kufikia siku hiyo.

Turudi kwenye siku Moi alipoondoka. Desemba 2002 muungano wa upinzani wa NARC uliishinda KANU, na Mei 2003 zikaanza kutumika sheria mbili ambazo wengi tuliziona kama alfajiri: Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma. Ya pili ilimtaka kila afisa wa umma, kuanzia karani hadi Rais, ataje mali na madeni yake. Nakumbuka matumaini ya siku zile. Watu walikuwa wakiwakamata polisi wala hongo barabarani kwa mikono yao.

Lakini soma vifungu vya sheria hiyo. Fomu za mali zilikuwa siri; kuyatoa nje yaliyomo bila idhini kulikuwa kosa la jinai. Na aliyepewa kazi ya kusimamia maadili ya wabunge alikuwa nani? Kamati ya Bunge lenyewe. Walimu walisimamiwa na tume yao, mahakimu na tume yao, na wabunge na wabunge wenzao. Fomu zilijazwa, zikatiwa kwenye bahasha, zikafungiwa kabatini. Hakuna mpiga kura wa Kibra au wa Westlands aliyewahi kulinganisha mali ya mbunge wake siku ya kuapishwa na siku ya kuondoka.

Wakati huohuo Bunge lilikuwa limepata uhuru wake wa kifedha. Marekebisho ya Katiba ya 1999, yaliyosukumwa na Peter Oloo Aringo, yaliunda Tume ya Huduma za Bunge ili wabunge wasiwe tena ombaomba mbele ya Ikulu. Lilikuwa jambo jema, na lilihitajika baada ya yote yaliyotokea 1975. Ila uhuru huo ulitumika kwanza kuongeza mishahara na marupurupu. Kufikia 2013, Tume ya Mishahara chini ya Sarah Serem ilipoweka mshahara wa mbunge kuwa shilingi 532,500 kwa mwezi, wabunge walidai warudishiwe 851,000. Tarehe 14 Mei mwaka huo waandamanaji, Boniface Mwangi miongoni mwao, waliachilia nguruwe na kumwaga damu mbele ya lango la Bunge. Mwezi uliofuata maelewano yakafikiwa: mshahara ubaki ulivyowekwa, lakini kila mbunge apewe shilingi milioni 5 za kununua gari, ruzuku isiyorejeshwa.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye Katiba ya 2010, kwa maana hapo ndipo pigo kubwa lilipotolewa. Sura ya Sita ya Katiba hiyo inahusu uongozi na uadilifu. Wananchi waliipitisha kwa kura tarehe 4 Agosti 2010 wakijua wanachokitaka: kiongozi mwenye doa asiruhusiwe kugombea. Bunge lilipewa kazi ya kutunga sheria ya kuipa Sura hiyo nguvu kabla ya mwisho wa Agosti 2012.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo ya mwisho, Agosti 2011, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, na sheria hiyohiyo ikaivunja tume iliyotangulia. Patrick Lumumba, mkurugenzi aliyekuwa amemaliza mwaka mmoja tu kazini na aliyekuwa ametangaza kwamba anawachunguza mawaziri, akajikuta nje. Tume mpya ilikaa miezi mingi bila makamishna. Ilipofika zamu ya sheria ya uadilifu wenyewe, rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Utekelezaji wa Katiba chini ya Charles Nyachae ilikuwa na mchujo: EACC ingemkagua kila anayetaka kugombea kabla hajaidhinishwa. Baraza la Mawaziri likaiondoa sehemu hiyo. Nyachae alilalamika hadharani. Bunge lilipitisha kilichobaki siku za mwisho za muda uliowekwa, na Rais Mwai Kibaki akatia saini tarehe 27 Agosti 2012.

Kilichobaki ni fomu. Mgombea anaijaza mwenyewe, anaeleza mwenyewe kama amewahi kutiwa hatiani, anaitia saini mwenyewe. Katiba nayo inasema mtu hawezi kuondolewa kwenye orodha ya wagombea hadi rufaa zake zote ziishe, na rufaa Kenya zinaweza kuchukua miaka. Kabla ya uchaguzi wa 2022 EACC iliipelekea tume ya uchaguzi orodha ndefu ya watu wenye maswali ya uadilifu. Wengi wao majina yao yalikuwa kwenye karatasi za kura mwezi Agosti. Makao ya EACC, Integrity Centre, yako juu kidogo ya Uhuru Park, kwenye njia ya kwenda Valley Road; mtu akitoka Bungeni anaweza kufika huko kwa miguu. Tume hiyo inachunguza, lakini haina uwezo wa kumshtaki mtu. Inakabidhi faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na kungoja.

Katika hali hiyo, yaliyofuata hayakupaswa kumshangaza mtu. Aprili 2015 Bunge la Taifa lilivunja Kamati yake ya Hesabu za Umma, kamati inayokagua matumizi ya serikali nzima, baada ya wanachama wake kushutumiana kupokea hongo kutoka kwa waliokuwa wakichunguzwa.

Kisha ikaja sukari. Katikati ya 2018 nchi ilijaa hofu ya sukari ya magendo, ikidaiwa kuwa na sumu. Kamati za Kilimo na Biashara zilifanya uchunguzi wa pamoja na kuandika ripoti iliyowataja wakubwa serikalini. Tarehe 9 Agosti ilipofikishwa ukumbini, wabunge waliitupa. Jioni ile na siku zilizofuata wabunge wenyewe ndio waliosimama kueleza walichokiona: fedha zikigawanywa kwenye vijia vya Bunge na hata msalani, kiasi kingine kikiwa kidogo kama shilingi 10,000. Spika Justin Muturi aliiagiza Kamati ya Mamlaka na Haki ichunguze.

Kiasi hicho kinaniuma zaidi kuliko mabilioni ya Goldenberg. Shilingi 10,000 ni karo ya muhula kwa mtoto mmoja, na ndiyo bei iliyotajwa ya kura ya mtu anayelipwa na umma zaidi ya laki sita kwa mwezi, juu ya chakula cha watoto wa nchi nzima. Na kwa mara nyingine ilikuwa mbunge amchunguze mbunge. Mwaka mmoja tu kabla, Sheria ya Mamlaka na Haki za Bunge ya 2017 ilikuwa imeweka kanuni za maadili za wabunge, nzuri kusoma, na ikawaachia wabunge wenyewe wazisimamie. Hakuna mbunge aliyefikishwa mahakamani kwa hongo ya ripoti ile.

Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa nje kwenye barabara ya Bunge wakiupinga. Kwa majuma kadhaa walikuwa wamewapigia wabunge simu, wamewaandikia, wametuma maoni kwa kamati. Huo ndio ushawishi wa mtu asiye na hoteli ya kukodi. Polisi waliwafyatulia risasi, watu wakafa, umati ukaingia ndani ya jengo. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada huo.

Mwaka uliofuata Rais huyohuyo aliwageukia wabunge. Tarehe 18 Agosti 2025, katika mkutano wa wabunge wa muungano wake wa Kenya Kwanza na wa chama cha ODM mjini Nairobi, mtaani Karen, aliwaambia ana kwa ana kwamba baadhi yao wamekuwa wakidai pesa kutoka kwa magavana na mawaziri wanaoitwa mbele ya kamati, na kwamba wachache walipokea shilingi milioni 10 ili kupitisha mswada wa kupambana na utakatishaji wa fedha. Mswada wa kuzuia fedha chafu, kwa maneno ya Rais, ulikuwa umepitishwa kwa fedha chafu. Kenya ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kimataifa tangu Februari 2024, na sheria hiyo ilikuwa sehemu ya juhudi za kujiondoa humo. Wabunge walikasirika, wakamtaka ataje majina. Hakuyataja. Siku hiyohiyo aliunda kwa tangazo kikosi cha mashirika mbalimbali cha kupambana na ufisadi, na siku chache tu baadaye Mahakama Kuu ikakisimamisha.

Katikati ya kelele hizo, jambo la maana zaidi lilipita karibu bila kutazamwa. Tarehe 30 Julai 2025 ilikuwa imetiwa saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, baada ya safari ya miaka miwili ambamo mswada ulipunguzwa makali, ukabishaniwa kati ya Bunge la Taifa na Seneti, na kurudishwa na Rais ili urekebishwe. Imefuta ile Sheria ya Maadili ya 2003 na kuipa EACC jukumu la kuisimamia. Sasa msimamizi mkuu wa maslahi ya mbunge hakai ndani ya Bunge. Hilo ni fanikio la kweli, na wote waliolipigania wanastahili shukrani.

Lakini sheria hiyo inamtazama anayepokea. Anayetoa, yule anayekodi ukumbi, anayeandika vifungu vya mswada nyumbani kwake na kuvipeleka kwa mwenyekiti wa kamati, hajaguswa. Kenya inahitaji rejista ya washawishi, iliyo wazi kwa kila raia, inayotunzwa nje ya Bunge, yenye jina la kampuni, jina la mbunge aliyekutana naye, tarehe na gharama. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Msomaji, atakapokuja mgombea wa eneo lako kuomba kura, muulize kama ataiunga mkono rejista hiyo kwa kura iliyorekodiwa kwa jina lake, na kama yuko tayari kuweka hadharani fomu yake ya mali kabla hujampa kura yako. Akisema ndiyo, mwombe aiandike. Akikwepa, mnyime kura.